Jani la Mgomba na Kifua cha Dada

Jumatatu, 4 Machi
Kifua kinanibana tangu alfajiri. Shemeji, kaka wa mke wangu na mfamasia mstaafu, amesema kifua si cha kuchezewa, twende zahanati. Nimemjibu kwamba marehemu mama alitutibu watoto wote saba kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Akauliza mbona tumebaki wawili. Utovu wa adabu! Nimelaza jani kifuani mbele ya nyumba nzima.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna nafuu. Nimekwenda zahanati peke yangu, kofia hadi machoni. Maambukizi ya mapafu. Vidonge vya siku tano. Nimevificha ndani ya kamusi. Nyumbani humu hakuna anayeifungua. Jambo la kusikitisha. Leo limenifaa.

Ijumaa, 8 Machi
Nafuu kubwa! Wageni wakibisha hodi, narudisha jani kifuani. Mke wangu amekiri kwamba mama mkwe wake alijua mambo. Shemeji kimya. Ushindi!

Jumamosi, 9 Machi
Balaa la kujitakia. Dada yangu naye anabanwa kifua, wiki ya pili sasa. Akipanda ngazi hushika ukuta. Aliandikiwa kwenda hospitali, karatasi ameichana. Ameuliza, ikiwa jani limemponya mdogo wake, daktari wa nini? Midomo yake ni ya kijivu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Nimekata jani.

Jumapili, 10 Machi
Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikusudia kukiri. Shemeji alikuwa ameketi pale pale. Sikukiri. Nimemwambia dada kwamba jani halifanyi kazi kabla daktari hajapima moyo. Ndivyo mama alivyoagiza. Dada amesema mama hakuwahi kumwona daktari. Nikasema ndiyo maana aliagiza. Shemeji ameondoka, akarudi na gari.

Alhamisi, 14 Machi
Ni moyo. Daktari amesema angechelewa siku mbili, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa dada anapumua vizuri. Nimelia, kwa staha.

Koridoni shemeji amesema hufungua kamusi yangu kila wiki kwa ajili ya chemshabongo. Alijua tangu Jumatano. Alinyamaza ili nimalize dozi.

Dada anawaambia wagonjwa wenzake kwamba bila jani asingefika hospitali. Sikumsahihisha: kisarufi na kimantiki, sentensi yake haina kosa.

Shemeji anachechemea. Goti. Mama alikuwa na dawa ya goti. Nitahitaji kitabu ambacho hakifunguliwi na yeyote.