Kahawa ya Sheikh Mutlaq

Siku Fargali alipomsikia Wagdi, mwenye hoteli, akilalamika kwamba watalii wa mji wa Sharm wamechoka na makaroni, wanataka kula kwa Bedui halisi, alitua sinia la vinywaji na hakulishika tena. Miaka tisa ya kuwapelekea watu maji ya limau ilikuwa imemtosha. Kwamba yeye ni mtoto wa Kairo na jangwa aliliona kupitia dirisha la jikoni tu, hilo halikumnyima usingizi. Tena Wagdi hakuwa mtu wa kutazama sura ya mhudumu.

Akaenda kwa Mzee Uweidi, Bedui mwenye ngamia wawili, akaazima hema, mazulia, joho na mbuzi mnono, malipo karamu ikiisha. Kisha akajiita Sheikh Mutlaq na kumwalika Wagdi.

"Sisi hatuuzi chakula," alimwambia, macho juu kama mtu anayeomba dua. "Kuchukua pesa ya mgeni ni aibu."

"Hata kidogo?" Wagdi aliuliza kwa sauti ya matumaini.

"Hata kidogo. Zawadi, hiyo ni habari nyingine."

Wagdi akapiga hesabu zake: zawadi ya pikapu moja tu, halafu watalii wanalishwa bure mwaka mzima. Alimwonea huruma yule sheikh mjinga, lakini si sana.

Mchana wa karamu pikapu nyeupe ilisimama mbele ya hema, Wagdi na watalii wake wakaketi, na ufunguo ukatua mkononi mwa Fargali. Kufikia alasiri angekuwa njiani kwenda Kairo, na gari hilo lingegeuka mkahawa wake mwenyewe, wenye wahudumu wa kuwakemea.

Hapo ndipo Uweidi alipoingia. Alikuwa ameona begi la Fargali limefungwa nyuma ya hema, naye hajapata kuona mtu anayefunga begi siku ya kukaribisha wageni. Alisalimu, akaketi, akapokea finjani ya kahawa, akaiweka juu ya zulia bila kuionja.

Wagdi alisisimka. Desturi hiyo alisimuliwa na sheikh mwenyewe wiki iliyopita, tena kwa chumvi nyingi: mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenyeji amkubalie, na mwenyeji hukubali kabla ya kuisikia.

"Ana haja, Sheikh," Wagdi alinong'ona. "Inapoa."

"Nimeona," alisema Fargali.

"Mwanangu, mimi sina haraka," alisema Uweidi.

Fargali akapima hasara zake. Akikataa, Wagdi atajua huyu si sheikh, na ufunguo utarudi ulikotoka. Akikubali, mzee atadai kodi ya hema na bei ya mbuzi. Potelea mbali, hayo yanavumilika.

"Kunywa, mzee wangu. Haja yako nimekupa."

Uweidi akanywa taratibu, akatikisa finjani kuonyesha ametosheka. "Mungu akuzidishie. Naomba lile gari hapo nje."

Wagdi machozi yalimlengalenga. "Mnaona ukarimu huo?" aliwauliza watalii, akaanza kupiga makofi, nao wakamfuata. Fargali akatoa ufunguo huku akitabasamu, na tabasamu hilo lilimuuma mpaka kwenye magego.

Wageni walipoondoka, Uweidi alikunja hema lake, akalipakia garini, akamvua Fargali joho kwa upole. Fargali akaomba lifti mpaka mjini, akapewa nafasi nyuma, juu ya mazulia.

Walipofika kwenye lami alichungulia dirishani kwa dereva. "Mzee, hivi mwenyeji akikataa, anafanywa nini?"

"Hafanywi kitu."

"Hata faini?"

"Aibu tu, inabaki kwenye jina lake." Uweidi akabadilisha gia. "Sasa aibu ya Mutlaq wewe ilikuhusu nini?"