Bibi wa Chumba cha Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Msimamizi wa tasnifu yangu amesoma sura ya nne na amelia. Alinionyesha mwenyewe chozi lilipodondokea, ukurasa wa sitini na moja. Mwanamke tunayemwita Kalamu Nyekundu, ambaye hajawahi kurudisha ukurasa bila kuujeruhi! Nimeogopa kuliko siku zote alizonigombeza. Ijumaa anataka tufuatane kwenda kumwona Bibi wa Chumba cha Saba. Anataka amshike mkono.

Mkono upi? Bibi nimemtunga mimi.

Niuandike ukweli hapa, maana hakuna atakayeusoma. Tulitakiwa kujitolea siku sitini katika nyumba ya wazee, kisha tuandike tulichojifunza. Nilikwenda siku mbili. Ya kwanza nilipewa ufagio. Ya pili nilipewa ndoo. Ya tatu nikashikwa na mafua, yakadumu siku hamsini na nane. Fomu ya mahudhurio nilijisainia, mara kwa mkono wa kulia, mara kwa wa kushoto. Humo ndimo zilimotoka kurasa mia moja na kumi. Bibi ana miaka tisini na moja, jicho moja halioni, ananiita mjukuu wangu. Nampenda kweli.

Mama ameshajishonea gauni la kuvaa kwenye mahafali yangu. La njano.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: nimempigia simu Kalamu Nyekundu, nikamwambia Bibi anaumwa, hapokei wageni. Akasema mgonjwa ndiye hasa wa kutembelewa. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Na sasa kuna Mtawa. Ndiye ninayekaa naye chumba kimoja, jina nimempa mimi. Alikwenda siku zote sitini, nyumba ileile, na tasnifu yake ni kurasa thelathini za kuchosha kuhusu kuwakata wazee kucha. Leo, huku anakunja soksi zake, ameuliza taratibu ni bibi gani huyo, maana yeye hamkumbuki. Nikasema ni mpole, hatokitoki nje. Akanitazama. Akarudi kwenye soksi! Mtu akikunja soksi hivyo anajua nini? Nimempa kitanda changu cha dirishani. Ameshukuru. Hata shukrani yake imenitisha.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa mtu mwenye akili: Bibi amefariki. Nimeongeza kurasa tatu. Amekata roho alfajiri, mkono wake ndani ya wangu, akiniusia nisome. Nililia mpaka pua ikaziba. Saa nne asubuhi nikatuma. Moyo mwepesi, nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Saa sita jibu likaingia. Mstari mmoja. Idara nzima itakwenda Ijumaa kutoa pole, basi limeshaombwa.



Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda nyumba ya wazee roho mkononi. Mkuu wa pale ni nesi mstaafu wa jeshi, wazee wenyewe wanamwita Sajenti. Nilikusudia kumwangukia miguuni. Hakunikumbuka! Alidhani nimekuja kutengeneza pampu ya maji, akaninyooshea kidole ilipo. Sauti yake peke yake ilinitoa jasho. Sikuthubutu kumsahihisha. Nimechuchumaa kwenye pampu nusu saa nzima nikiigongagonga.

Akanijia mzee mmoja na redio yake kwapani. Nikaona huyu ndiye mwokozi. Nikamwomba kesho, wageni wakija, atoke kidogo amlilie marehemu wa Chumba cha Saba. Hakuuliza kwa nini. Alisema nikae kwanza, ana habari ya kunipa, ya mkewe. Nikasema nina haraka.

"Haya, baba," akasema. "Kila anayekuja hapa ana haraka. Kesho nitalia."

Nimeondoka mbiombio. Nahisi pampu nimeiharibu.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa ufupi.

Basi lilijaa. Kalamu Nyekundu amevaa nguo nyeusi, shada la maua mapajani. Mtawa alikaa nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Tulipofika, Sajenti akatoka kutushangaa, na kabla hajafungua mdomo Kalamu Nyekundu akamkumbatia na kumpa pole. Kisha akanigeukia. Nitangulie, akasema, mimi ndiye niijuaye njia.

Sijawahi kuvuka ukumbi! Nikatangulia hivyohivyo, kichwa chini kama mfiwa, jicho la pembeni likisoma namba milangoni. Nne. Tano. Sita. Saba. Nikafungua.

Mashine mbili za kufulia. Mlima wa mashuka. Mama mmoja anapiga pasi, akauliza kama na hilo shada ni la kufua.

"Hiki ni chumba cha kufulia," alisema Sajenti. "Tangu nyumba ijengwe."

Watu ishirini na wawili wakanigeukia. Hapo ndipo alipotokea mzee wa redio, mtu wa ahadi zake, analia machozi ya kweli. Akasema marehemu alikuwa mwanamume wa watu, ndevu zake zilikuwa hazina mfano, wamecheza karata miaka kumi. Jana sikukaa hata dakika ya kumweleza anamlilia nani.

Wakati wa kurudi hakuna aliyetaka kukaa kando yangu. Kiti hicho walilaza shada.

Jumamosi, 8 Machi

Mtawa ameniambia alijua tangu Jumanne. Chumba cha Saba ndimo alimofua mashuka siku kumi na nne. Alinyamaza kwa kuchelea kuniaibisha. Nikamwomba basi anirudishie kitanda. Amekataa.

Mama amepiga simu. Gauni limeongezwa mikono mirefu, na mama wadogo wote wawili watakuja. Akauliza mbona sauti yangu ndogo. Nikasema ni marekebisho madogomadogo. Nilipokata simu nilikaa sakafuni kwa muda mrefu. Naogopa uso wake kuliko kikao cha Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Watu watano nyuma ya meza, mimi nimesimama. Watatu walitaka nifukuzwe leoleo. Kumbe Sajenti naye ameitwa. Akasimama.

"Nipeni mimi huyu," akasema. "Siku sitini. Kila asubuhi nitamhesabu mwenyewe."

Ningepewa kuchagua, ningefukuzwa. Kalamu Nyekundu safari hii hakulia. Aliisukuma tasnifu yangu hadi ukingoni mwa meza na kuniambia, "Utaandika ulichokiona tu. Ukitunga hata paka, usirudi hapa."

Kwa hiyo mahafali ya mwaka huu yamenipita. Nimemwambia Mama chuo kizima kimeahirisha kwa sababu ya msiba. Amesikitika sana. Ameuliza nani amefariki.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kwanza kati ya sitini. Ufagio. Sajenti alinihesabu, ingawa nilikuwa peke yangu. Kila nikisikia viatu vyake naruka.

Lakini nimetuliza akili nikaona jambo. Siku sitini ni nyingi mno, na hofu hii itaniua kabla hazijaisha. Nikiandika tasnifu yote wiki hii, zilizobaki nitafagia kwa amani. Na safari hii simtungi mtu. Wote ni watu halali wa hapahapa, wenye vyumba vyao, namba za milango nimezikagua. Nimejificha stoo ya magodoro tangu mchana na nimeshaandika hadi siku ya arobaini na mbili. Inauma sana. Kalamu Nyekundu atalia tu.

Mzee wa redio anagonga mlango. Anasema ameniwekea kiti, chai inapoa, na ile habari ya mkewe bado hajanipa. Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kuandika mazishi yake yeye mwenyewe.