Bledi ya Meno Manne

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mke wangu Waringa amesema, nami nimesikia. Mama yake amefanyiwa upasuaji wa nyonga na atatoka hospitali Jumamosi. Wa kumtunza ni Waringa pekee, miezi mitatu. Njia ni mbili. Ama mama aje hapa kwetu Kimulot, ama Waringa aende Ol Kalou akae huko mpaka mama atembee.

Na mama ametoa sharti. Hawezi kuoga kwenye bafu la nje. Si kwa tope hili la Juni, na si kwa kupita mbele ya mkwe wake na taulo. Ni mama wa zamani. Mkwe ni mkwe. Anataka bafu la ndani, mlango ufungukie chumba chake.

Miezi mitatu bila Waringa! Mwaka juzi alienda siku nne tu, nikawa nalala redio ikiongea ndio nisikie sauti ya mtu. Nikasema bafu litakuwa tayari Ijumaa. Akauliza litajengwa na nani. Nikamwambia, na mimi. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Kazi yenyewe ni ndogo: stoo iliyo kando ya chumba cha wageni ina bomba la maji tayari. Nyumba yetu ni ya mbao, na vigae ukivibandika kwenye mbao zinaoza, kwa hivyo bodi za simiti hutangulia. Bodi nane ninazo, zimeegemea ukuta wa veranda. Msumeno wa umeme ninao. Kilichobaki ni bledi yake, lile duara la meno.

Duka la hadiwea la hapa Kimulot sikuingia. Johana hukaa pale mlangoni. Huyu Johana ni jirani, ni fundi, na pia ndiye hupogoa chai ya watu kwa mashine yake. Mwaka wa 2022 nilitengeneza mlango wa jikoni na kwa bahati mbaya ukakaa kichwa chini. Johana aliugeuza kwa dakika kumi, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari. Kuuliza si ujinga, wanasema. Kumuuliza Johana ni ujinga.

Nikaenda mpaka Silibwet, kwa Beldina wa hadiwea. Nikamwambia bledi ni ya rafiki yangu. Akauliza rafiki anakata nini. Bodi ya simiti, nikasema. Akatoa bledi ya meno manne. Nikaihesabu mara mbili. Manne! Ng'ombe wetu mzee ana zaidi. Beldina akasema kwa simiti meno machache ndiyo mazuri, hayatimui vumbi jingi, na hayo manne ncha zake ni ngumu hazilegei upesi. Akasema tena kama rafiki hana haraka, anaweza kutumia kisu cha kuchora tu, halafu anavunja bodi kwa mkono.

Kwa mkono! Nikajua huyu ananibambikia mzigo uliokwama dukani. Nikachukua ya meno sitini, inang'aa vizuri sana. Hakuna mtu huchana nywele kwa kitana cha meno manne.

Jumanne, 10 Juni

Mvua tangu asubuhi. Nikakatia verandani.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bledi iliingia kwenye bodi, nikamwita Waringa aje aone. Kabla hajafika ilianza kulia. Halafu moshi. Halafu vumbi, na vumbi gani! Sikuona mkono wangu. Nilipozima msumeno nilikuwa nimekata kama urefu wa kiatu, na yale meno sitini yalikuwa yameisha kabisa. Ukipitisha kidole ni laini kama sahani.

Sikuwa nimeona kikapu cha majani chai. Waringa alikuwa amechuma tangu saa kumi na mbili na kukiweka hapo verandani kisinyeshewe. Majani yote yalikuwa meupe. Nikayapanguza kadiri nilivyoweza, yakawa ya kijivu. Waringa aliyapeleka kituo cha kununulia chai hivyo hivyo, hana la kufanya. Karani akachota mkono mmoja, akanusa, akamuuliza kama huko kwetu siku hizi kunajengwa shambani. Akamrudishia yote.

Amerudi nayo mgongoni kilomita mbili.  Ningependa angenigombeza. Nimekohoa simiti mpaka wakati wa chakula cha jioni, na hata hiyo hakuulizia.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata jibu! Nilikuwa nakunywa chai nikasikia mashine ya Johana ikipogoa shamba la Marcella, ng'ambo ya mto. Chai ya Marcella ina miaka arobaini. Vigogo vyake ni vinene kama kifundo cha mguu, na ile mashine inavipita kama ugali. Bledi yake ina meno themanini. Sasa, kitu kinachokata kigogo cha chai kitashindwa na bodi?

Johana aliporudi kula nikamwendea. Nikamwambia nataka kupogoa mistari miwili pale chini, siku imepoa, ni vizuri. Akaniangalia. Akasema mistari yangu ya chini ilipogolewa mwaka jana, na ni yeye aliyeipogoa. Nikasema imekua haraka. Akanipa mashine, akasema niirudishe saa tisa kwa sababu kesho anamaliza kwa Marcella. Huyo ndiye Johana. Hakatai, anakuacha tu.

Safari hii sikukatia verandani. Mtu hujifunza. Nilienda nyuma ya zizi, nikalaza bodi juu ya magunia, nikavuta kamba, mashine ikanguruma. Nikaishusha.

Sitaki kuandika yote. Bodi ya kwanza ilipasuka vipande vinne, na hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekusudia. Ya pili mashine iliipasua kona, ikaruka, ikala gunia. Ng'ombe alivunja ua akaenda kwa majirani. Nilipozima, masikio yalikuwa yakiimba na bledi ya Johana imekuwa butu. Nikaiosha, nikaipaka mafuta ya kupikia ikawa inang'aa kama mpya, nikairudisha saa tisa kamili. Nikamshukuru sana. Alisema si kitu.

Bodi nzima zimebaki tano. Bafu linahitaji tano. Mungu ni mwema.

Alhamisi, 12 Juni

Saa mbili asubuhi Johana akabisha hodi na bledi mkononi. Alikuwa ameanza kwa Marcella, na mashine badala ya kukata ikawa inatafuna na kupasua. Vichaka vitatu vya chai vimeharibika. Akafungua bledi aone ni nini, na kati ya jino na jino akakuta kitu cheupe kimeganda. Hakupaza sauti. Mbele ya Waringa, kwa upole kabisa, akaniuliza chai yangu ni ya aina gani, ile ikipogolewa inatoa simiti.

Nikaanza kueleza habari za udongo wa pale chini. Waringa akaingia ndani.

Nilipomfuata nilimkuta anakunja nguo kitandani. Sweta mbili, kofia ya baridi, Biblia. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba amemwambia mama ataenda yeye Ol Kalou, na kwamba ugali nitajipikia, si kitu kigumu. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliogopa sana. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sijui hata chumvi huwekwa wapi.

Nikatoka mbio. Nikapata pikipiki mpaka barabarani, na gari mpaka Silibwet. Nikaingia kwa Beldina nikiwa nimelowa na kumwambia rafiki amebadilisha mawazo, anataka ile ya meno manne. Beldina akasema pole. Ilikuwa moja tu, na ameiuza Jumanne. Nikauliza kwa nani. Akasema ni mzee mmoja mpole wa upande wa Kimulot, alipiga simu na kutuma mtu wa pikipiki. Nilikaa juu ya gunia la mbolea pale dukani, na Beldina akanipa chai, akaniuliza kama rafiki yangu yuko sawa. Nikasema hayuko.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimekubali. Njiani nilijaribu kufikiria sufuria ipi ni ya ugali.

Nikasikia msumeno kabla sijafika. Nyuma ya nyumba, mbali na chai, upepo ukiwa mgongoni, Johana alikuwa amefunga kitambaa puani na anakata bodi yangu kwa msumeno wangu. Meno manne. Inapita taratibu, vumbi kidogo tu linaanguka chini. Waringa ameshika ndoo, ananyunyiza maji. Zile kona ndogo Johana hata msumeno hatumii. Anaweka rula, anachora kwa kisu mara tatu, anavunja kwa mkono juu ya goti. Tak! Imenyooka. Kwa mkono, kweli.

Kumbe Waringa alimwendea Jumanne jioni, baada ya kurudi na kile kikapu. Johana akanunua bledi siku hiyo hiyo. Halafu wakakubaliana wangoje kwanza, labda nitaomba mwenyewe. Walinipa siku mbili. Na jana akanipa mashine yake!

Nikasimama pale na matope mpaka magotini. Nikataka kukasirika lakini hasira haikuja.  Nikamuuliza Waringa kama bado anasafiri. Akasema ataangalia bafu kwanza.

Johana hakutaka shukrani. Alinipa tupa na ile bledi ya mashine, niinoe. Meno themanini, jino moja moja, na kesho asubuhi anaitaka. Nikimaliza, nikamwombe Marcella msamaha mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Meno themanini. Vidole havikunjiki. Marcella amenisamehe, lakini amecheka kwanza.

Bodi zimepigwa misumari, vigae vimepanda. Nilishika rula. Johana anasema niliishika vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Mama amefika saa kumi, kwa gari la mpwa wake, na magongo mawili. Nikamsalimia kutoka mbali kidogo, kwa heshima. Yeye akasalimia ukuta ulio karibu nami. Akaingizwa chumbani. Bafu bado halijakauka, ataoga kesho.

Zile sweta mbili zimerudi kabatini. Niliangalia. Nikarudi kuangalia tena.

Jumapili, 15 Juni

Hatukuenda kanisani. Mama aliingia bafuni saa nne, Waringa akamkalisha kwenye kiti na kummiminia maji ya moto. Mimi nikasimama nje kwenye chai kama mtu anayekagua majani, nikisikiliza kama kuna kitu kitaanguka. Hakuna kilichoanguka. Baada ya muda nikamsikia mama akiimba. Tangu apasuliwe hajaimba, Waringa ananiambia. Nilipanguza macho kwa mkono. Simiti bado inatoka.

Wakati wa chakula cha mchana mama alinitumia maneno kupitia Waringa, ingawa mimi nimekaa pale pale. Amwambie mkwe asante. Tangu azaliwe hajaoga vizuri hivyo. Halafu akataka kujua fundi alikuwa nani.

 Nikaangalia viazi. Waringa akasema fundi ni huyu huyu Zacheus.

Alisema hivyo bila kucheka. Sijui kwa nini. Nilimwangalia, naye akaniongezea mchuzi. Johana angekuwepo ningesema ukweli. Lakini hakuwepo.

Jumanne, 17 Juni

Mama anatembea mpaka mlangoni sasa. Jana usiku alilala vizuri. Leo baada ya chai ametuma maneno mengine: akipona atarudi kwake, na shida yake ni moja tu, kule Ol Kalou bafu liko nje. Je, mkwe, kwa vile mikono yake imebarikiwa, hawezi kumjengea kama hili?

Waringa akafungua mdomo. Mimi nikawa nimeshajibu. Nikasema bila shaka, Agosti, na tena la Ol Kalou litakuwa kubwa zaidi, lenye dirisha la kioo. Fundi wa nini? Bodi nimezielewa. Na kioo nimesikia kuna mtu huko Londiani anauza bledi moja inayokata kila kitu: mbao, chuma, mawe, kioo, ukitaka hata bati. Nimeshampigia. Nimeagiza mbili.

Waringa amecheka mpaka akashika meza. Halafu akatoka nje, nikamsikia kwenye ua akimuuliza Johana kama Agosti ana nafasi. Simwelewi huyu mwanamke. Kazi yenyewe ni ya siku mbili tu.