Chumba cha Mbele Lazima Kiwe Changu

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema! Mtafiti wa chuo anakuja kwetu, wahamiaji wenye biashara ndogo. Si wa kuuliza maswali na kutokomea. Atashinda madukani akisaidia kazi, kisha atamshauri mwenye jengo nani apewe chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Lazima kiwe changu. Huku nyuma nashona suti zisizoonwa na mtu. Mpinzani ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi viatu wa mlango wa pili. Atanikoma.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili. Husaidiwa mwenye shida, basi shida nitaitengeneza. Cherehani ya umeme nimeificha kwa shemeji, nikidai kwangu kunavuja. Nimebaki na ile mbovu. Mke wangu akauliza yeye atashonea nini. Nikamwambia apumzike kwa kaka yake. Alinikata jicho.

Jumatano, 6 Machi
Mtafiti kafika. Dada mpole, akashika ufagio. Nikamlilia kwamba tangu tuhamie hapa sijaona mteja. Papo hapo mama mmoja akaingia na gauni la harusi la bintiye! Ikabidi niseme sina cherehani nzima. Mtafiti akampeleka mlango wa pili, alikosikia cherehani ikilia. Nilichungulia. Mke wangu huyo, anashona.

Alhamisi, 7 Machi
Wateja wote wamehamia kwa shemeji. Wanaacha viatu, wanapimwa suruali. Mke wangu anacheka, namsikia. Kwangu hajawahi kucheka hivyo. Roho imeniuma. Nikaenda kudai cherehani. Shemeji akanikumbusha, kwa adabu zote, kwamba kwangu kunavuja. Mtafiti alikuwa pale akikata nyuzi. Nikarudi kwangu mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Machi
Chumba cha mbele wamepewa shemeji na mke wangu. Mtafiti kanitafutia walimu wa kunifundisha biashara. Walimu wenyewe ni hao hao! Mke wangu akanivuta kando.
"Mume wangu, ungeniambia tu unakitaka. Tungekiomba sote."
Nikamuuliza masomo yanaanza lini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimo chumba cha mbele. Napiga pasi. Barabara naiona vizuri. Mtafiti ameaga, mwenzake anakuja kuchunguza afya za wahamiaji, na wagonjwa watasaidiwa. Nikaweka pasi chini, nikamwambia mke wangu mgongo umekataa. Akauliza tangu lini. Nikamjibu asiniharakishe, huenda nikachagua kifua.