Kuzigusa Kidogo Tu

Jumatatu, 3 Machi
Katibu wa ukumbi kabandika tangazo mlangoni. Kuanzia wiki ijayo, chumba cha Jumamosi asubuhi kitabaki na darasa moja la watoto. Moja! Ama langu la kuchora, ama la shemeji yangu la filimbi. Afisa wa sanaa atakuja Jumamosi hii kuona kazi za watoto, kisha ataamua. Mimi nina miaka sita humo. Shemeji ana miezi minne, na watoto wake wanapuliza wimbo mmoja ambao haujawahi kufika mwisho. Nimerudi nyumbani natabasamu. Mke wangu kauliza kuna nini. Nimemwambia namsikitikia kaka yake. Kasema kaka yake naye kapita mchana, akanisikitikia mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimezipanga picha za watoto sakafuni, zote kumi na saba. Nikavaa miwani. Nikaivua. Mbuzi ana miguu mitano. Nyumba imelala chali. Babu mmoja kichwa chake kinalizidi gari analoendesha. Binti wa fundi cherehani, miaka saba, pengo la meno mawili, kamchora mama yake na mikono sita. Nilishamwambia kwamba binadamu ana miwili. Alinijibu kwa adabu zote kuwa mimi simjui mama yake.
Afisa akiyaona haya, chumba kimekwenda. Nimeamua kuzigusa. Kidogo tu. Hata mzazi humchana mtoto nywele kabla ya kupigwa picha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza kuzigusa. Cha watoto kilichosalia ni majina pale chini.
Ile ya mikono sita imenishinda. Niseme kweli, maana humu najisomea mwenyewe: mimi na mikono hatujawahi kuelewana. Miaka ishirini na tano nachora mabango ya maduka, na watu wangu wote wameweka mikono nyuma. Hakuna mteja aliyelalamika. Isipokuwa kinyozi mmoja, aliyetaka kujua atanyoa watu na nini. Basi picha ya binti nimeisukuma nyuma ya kabati, nikamchorea nyingine, mama mzuri, mtulivu, mikono nyuma. Jina la mtoto chini.
Mke wangu kaja kuniletea chai pale ukumbini. Kazitazama picha ukutani moja baada ya nyingine, akauliza kama hawa watu wote ni wa baba mmoja. Nimeichukua kama sifa.

Jumamosi, 8 Machi
Siku imefika. Afisa ni mama mfupi, viatu vya raba, kalamu sikioni. Wakaanza wa filimbi. Wimbo ukavunjika katikati kama kawaida, wawili wakaangua kicheko, shemeji akafuta jasho. Nikajua kwisha habari yake.
Zamu yangu. Afisa akapita picha kwa picha, kalamu bado sikioni. Nikadhani kapigwa na butwaa. Kisha akageuka.
“Mwalimu, mbona mtaa mzima umeweka mikono nyuma? Wamekamatwa?”
Nikasema ni mtindo.
“Hata golikipa?”
Wazazi wakacheka. Shemeji akacheka zaidi ya wazazi. Bado ningeokoka, nina maelezo ya kutosha juu ya mtindo. Ila binti wa fundi alikuwa amesimama muda mrefu mbele ya picha yenye jina lake.
“Huyu siyo mama,” akasema. “Mama hawezi kukaa bila kushika kitu.”
Akauliza yake iko wapi. Nikasema imehifadhiwa. Basi ikawa balaa, kila mtoto akaanza kuulizia yake, huku wengine wakimwonyesha afisa penseli yao inavyochungulia chini ya rangi yangu. Binti akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akaivuta, akaipangusa vumbi kwa mkono wa gauni. Afisa akachuchumaa, akaulizia mkono mmoja mmoja. Huu umeshika kitambaa. Huu mkasi. Huu unazungusha cherehani. Huu unakoroga chungu. Huu umeshika sikio la kaka.
Na wa sita?
“Huu unapumzika.”
Mama yake alikuwa amesimama nyuma na wazazi wengine. Hakucheka. Alijiangalia viganja.

Jumapili, 9 Machi
Katibu kaja nyumbani na uamuzi. Chumba kimebaki kwa darasa la kuchora! Niliruka. Akaniomba nikae, kuna sentensi ya pili. Wataleta mwalimu mwingine. Mimi naruhusiwa kubaki kama msaidizi, kwa sharti nisiguse penseli, brashi yenye rangi wala chaki. Nitaosha brashi na kubandika karatasi za vichwa vya picha, yaani majina yake.
Jioni shemeji kaja kunipa pole. Kakaa kwenye kiti changu.
“Usijali, shemeji,” akasema. “Mimi nami wamenitoa, ila angalau filimbi zilipulizwa na watoto wenyewe.”
Mke wangu kaenda jikoni ghafla. Nimeyaona mabega yake yakicheka.

Jumamosi, 15 Machi
Siku ya kwanza ya usaidizi. Mwalimu mpya ni binti wa juzi tu, anawaacha watoto wachore watakavyo. Nimeosha brashi ishirini. Sikugusa picha hata moja. Ahadi ni ahadi.
Ila hivi vichwa vya picha! Binti wa fundi kaleta mchoro, ndege mmoja kwenye ukurasa mzima, kaandika juu ya kikaratasi: “Kuku.” Kuku, basi. Hakuna aliyeniambia nisiguse maneno, wala kalamu ya wino. Nimekitupa kikaratasi, nikabandika changu, kwa herufi za bango: “Kilio cha Kizazi Kilichosahauliwa.” Imependeza sana.
Jumamosi ijayo nitamkalisha chini, nimweleze alichokusudia.