Picha Yangu na Seva ya Viti

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeamka na hasira nzuri, ile ya kufanyia kazi. Karani yumo kwenye websaiti ya binti yangu. Mimi simo.

Niandike vizuri, maana wajukuu watakuja kusoma siku moja. Binti yangu anakodisha viti na mahema ya sherehe. Mumewe, mkwe wangu, ni fundi wa kompyuta, ndiye aliyemtengenezea websaiti. Mtu anafungua simu, anaona viti, anachagua, anaweka oda, kwisha. Websaiti yenyewe inakaa ndani ya seva, boksi jeusi chini ya kaunta ya duka, linanguruma kama paka aliyeshiba. Sasa ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya kiti chetu kizuri kuliko vyote, amekaa nani? Baba mzazi wa mkwe wangu. Tunamwita Karani kwa sababu maisha yake yote alikuwa karani, kazi yake kugonga mihuri. Kavaa tai, kapandisha mguu juu ya mguu, anatabasamu utadhani kiti kakizaa yeye.

Mimi nimetengeneza jenereta na mashine za kusaga tangu Karani hajaota ndevu. Injini zilikuwa zikinisikia nakohoa nje, zinawaka zenyewe. Mashahidi wapo, wengine wamefariki. Shule niliiona kwa nje tu, nilipokwenda kuwatengenezea pampu ya maji, lakini uzuri hausomewi. Nimepiga picha yangu na suti ya harusi. Bado inafungika, kifungo kimoja.

Leo nimeipandisha kwenye websaiti. Seva imeikataa. Karani, ambaye hushinda dukani kwa kisingizio cha kusaidia, akavaa miwani akanisomea: faili ni kubwa mno. Akaongeza kwamba hata kompyuta imeona kichwa changu hakipiti mlangoni. Nikamwambia picha yake ilipita kwa sababu haina kitu ndani.

Nimempigia mkwe. Yuko safarini, kazi ya watu, hadi Jumamosi. Kasema kwenye seva kuna mstari wenye namba ya ukubwa unaoruhusiwa, unabadilishwa tu, lakini baba tafadhali usiguse, nitafanya mwenyewe. Hasa wiki hii. Ijumaa msimamizi wa ukumbi mpya atapitia websaiti za wakodishaji wote, atachagua mmoja wa kumpa kazi zake mwaka mzima. Tukikosa, binti yangu itabidi awapunguze wapakiaji, na ameshawaahidi kwamba hatampunguza hata mmoja. Siku hizi chakula anakigeuzageuza tu kwenye sahani.

Nimemwahidi mkwe kwamba sigusi. Kubadilisha namba moja si kugusa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mkwe akifanya kazi kwenye seva, mimi huwa nasinzia kando yake. Yeye ndiye anayedhani nasinzia. Nilishaona anaingilia wapi na anatokea wapi. Paswedi ni jina la utani la binti yangu alipokuwa mdogo, na jina lenyewe nililitoa mimi. Kwa hiyo hata haki ninayo.

Faili la mipangilio linaitwa viti. Sasa sikiliza, hapa ndipo ufundi unapojitenga na ubabaishaji. Fundi wa kweli hafungui mashine kabla hajaweka kipuri cha akiba karibu, pale mkono unapofika. Nikatoa kopi ya faili, nikaipa jina akiba-viti, nikailaza kwenye folda ileile, ubavuni mwa mwenzake. Halafu ndiyo nikaingia kwenye faili lenyewe nikaongeza namba. Kidole kimoja kimoja, lakini kwa uhakika.

Nikaiwasha seva upya. Nikapandisha picha. Kubwa mno.

Nikaongeza sifuri. Kubwa mno. Nikaongeza sifuri mpaka mstari ukawa kama tasbihi, na kila nikiongeza natoa akiba nyingine kwanza. Akiba ya akiba. Folda imependeza, imejaa kama stoo ya fundi anayejiheshimu. Picha imekataliwa vilevile, utadhani seva haisomi kabisa ninachoiandikia.

Karani kasogeza kiti, kaomba asome zile kumbukumbu za makosa ambazo seva huandika. Kasoma polepole, kama anatoa hukumu. Eti inasema jina lilelile la websaiti limetajwa na mafaili zaidi ya moja, kwa hiyo inashika la kwanza kwa mpangilio wa herufi, yanayofuata inayapuuza. Kauliza inawezekana ni zile akiba zangu?

Nikamwambia anayepuuzwa humu dukani ni yeye. Wapakiaji walicheka. Kasusa, kaenda kukaa kwenye kile kiti chake cha pichani.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Jibu limenijia nikiwa naoga. Ni moduli.

Moduli ni kipande cha programu alichokiandika mkwe mwenyewe akakifunga kwenye seva, kama unavyofunga pampu kwenye injini. Kazi yake ni kuangalia viti vilevile visikodishwe kwa watu wawili siku moja. Kifaa cha kienyeji kile, hakikutoka kiwandani. Injini yoyote ikisumbua, wa kwanza kushukiwa ni mgeni.

Nikaingia kwenye folda ya moduli. Mle kuna kifaili kidogo, mstari mmoja tu, unaoiambia seva ipakie moduli ile. Kabla ya yote, nikatoa akiba. Nikaiweka palepale. Nikafikiri niiwashe seva kwanza, nisikie sauti yake kabla sijabadilisha chochote. Injini husikilizwa.

Seva haikuwaka.

Nimejaribu tena. Haikuwaka. Nimeipiga kofi la ubavuni, lile lililokuwa likiamsha jenereta zilizokata tamaa. Haikuwaka. Websaiti nzima imetoweka. Hata Karani na tai yake katoweka, na sisemi uongo, hapo nilijisikia vizuri kidogo.

Karani kasoma: moduli hii imeshapakiwa. Nikamwambia kama imeshapakiwa basi mambo safi, yeye analalamika nini? Kasema labda inaitwa mara mbili. Nikamwambia anayerudiarudia maneno hapa namfahamu. Kasema mzee mwenzangu, ondoa akiba zako. Yaani nimeharibikiwa katikati ya kazi, halafu nitupe vipuri. Ndiyo maana alipewa mihuri, hakupewa spana.

Niweke hili wazi kwa maandishi. Ile moduli sikubadilisha herufi hata moja. Nimetoa kopi tu. Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa langu.

Nimeongeza akiba nyingine mbili, kwa usalama.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Binti yangu kajua. Mteja kampigia kumuuliza kama amefunga biashara.

Kaniuliza baba, umegusa? Nimesema sijagusa. Kauliza mbona kibodi ina makombo ya mandazi. Nimesema huenda ni ya Karani. Karani kasema yeye daktari alishamkataza mandazi, na ni kweli, tunamtania kwa hilo kila siku.

Tumempigia mkwe. Simu haipatikani, aliko hakuna mtandao. Tumeita fundi mwingine, kasema hawezi kugusa moduli iliyoandikwa na mtu mwingine kabla hajaongea naye. Huyo naye fundi.

Nilitegemea binti yangu apige kelele. Kelele nimezizoea, nina mke. Hakupiga. Alikaa juu ya hema lililokunjwa, akawa anawaangalia wapakiaji wanavyofuta viti. Mmoja alikuwa anapiga mluzi. Binti yangu haangalii viti, anamwangalia yule anayepiga mluzi. Nikajifanya natafuta kitu stoo. Nimekaa huko muda.

Nilipotoka nilikuwa na mpango.

Nimempigia mwenyewe msimamizi wa ukumbi. Mama mmoja, sauti nzito, anaongea kama ana watu watano wanamsubiri. Kasema anajaribu kufungua websaiti yetu, haifunguki. Nikamwambia mama, hiyo ya kwenye simu ni ya vijana. Websaiti yenyewe ndiyo mimi. Niulize chochote.

Kauliza kama viti vina foronya. Nikamweleza foronya, rangi zake, mshono wake, na jinsi bwana harusi mmoja alivyokataa kuinuka kwenye kiti chetu hadi wageni wakaondoka na keki. Kacheka. Kasema basi, mzee wangu, kesho nitapita niione hiyo websaiti inayoongea.

Bwana harusi yule sijawahi kumwona. Lakini yupo mahali fulani, hawezi kukosa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kaja. Mrefu, viatu vya kazi, kitabasamu cha mtu aliyeshadanganywa sana.

Nilikuwa tayari na suti. Nimempokea mlangoni, nimemkaribisha ukurasa wa kwanza. Nilitaka kumpeleka kiti kwa kiti, kwa mpangilio, kila kiti na kisa chake. Binti yangu nyuma yetu, mikono kaifumbata. Wapakiaji wamejipanga ukutani kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Visa vilikuwa vinakwenda vizuri. Nimefika kwenye kile cha jenereta iliyowaka kwa kukohoa, ingawa si cha viti, nikaona mama haniangalii. Anaangalia pembeni. Nikageuka.

Karani. Kwenye kiti kizuri. Kalala. Kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi, anakoroma. Wapakiaji walikuwa wamepakua vyuma vya mahema asubuhi nzima kando ya masikio yake, mimi nimepiga mdomo mpaka sauti imekauka, na yeye yumo tu.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini immeze yeye kwanza.

Mama wa ukumbi kamsogelea. Kakizunguka kiti. Kabonyeza foronya karibu na bega lake. Kauliza amelala tangu lini. Mpakiaji mmoja kasema tangu alipomaliza chai. Mama kasema wageni wake wanachomlalamikia tangu ukumbi ufunguliwe ni viti, hotuba haijafika katikati watu wameshasimama wanajinyoosha. Kisha kamwambia binti yangu, dada, kiti kinachomlaza mzee katikati ya kelele hizi, hicho ndicho nakitaka. Nipe vya namna hiyo vyote ulivyo navyo, mwaka mzima.

Binti yangu kaomba arudie. Karudia. Yule mpiga mluzi kaanza mluzi.

Karani kaamka akiwa anapewa mkono wa pongezi. Kashukuru, hajui anashukuru nini. Sasa anazunguka mtaa mzima akisema ndiye aliyeleta kazi. Ukweli ni kwamba visa vyangu ndivyo vilivyomlaza. Kazi nimeileta mimi, kupitia yeye.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mkwe karudi. Begi bado begani, kainama chini ya kaunta. Kafungua folda ya kwanza, kahesabu mafaili. Kafungua folda ya moduli, kahesabu tena. Halafu kaniita baba, kwa ile sauti ambayo watu huitumia kuwaamsha wagonjwa.

Kaeleza kwamba seva husoma kila faili lililomo kwenye folda zile, haichagui. Mimi kwangu ni akiba, yenyewe inaona ni amri. Akiba-viti inaanza na A, ikawa inasomwa kabla ya viti, kwa hiyo sifuri zangu zote nilikuwa naiandikia hewa. Na moduli nikaifanya ipakiwe mara nne, seva ikagoma. Kasema kuweka akiba ni jambo zuri sana, baba, mafundi wengi wa kisasa hawafanyi. Nikamtazama Karani aone. Ila akiba haikai folda moja na mashine inayofanya kazi. Iwekwe mbali. Ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine kabisa.

Kaziondoa. Seva imewaka kwa mkupuo mmoja, ikaanza kunguruma. Karani karudi kwenye ukurasa wa kwanza na tai yake. Nimeomba akiba zangu zisitupwe, kaniwekea zote kwenye flashi. Kaongeza ile namba, kapandisha picha yangu. Niko ukurasa wa mwisho, chini ya masharti ya kurudisha viti vilivyovunjika. Binti yangu kasema hapo ndipo watu husoma kwa makini.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Tumepeleka viti vya kwanza ukumbini. Jengo zuri, ukimwambia mtu jambo unasikia umemwambia mara mbili.

Wakati wapakiaji wanapanga, mama wa ukumbi kanilalamikia kwamba websaiti yao inafunguka polepole na fundi wao haonekani wikiendi. Nikamwambia mama, umesimama na nani? Nikamweleza kwa ufupi jinsi wiki hii seva ilivyolala kwangu ikaamka. Nani aliiamsha sikutaja, hakuuliza. Kanifungulia chumba chao, paswedi kaiandika mwenyewe. Seva nzuri, kubwa kuliko yetu, ya chuma, na ina feni.

Sikugusa kitu chao hata kimoja. Mimi nikiambiwa jambo nasikia. Nimechomeka tu ile flashi, nikaziweka akiba zetu zote mle, kila moja kwenye folda ya jina lake, za viti kwenye mipangilio na za moduli kwenye moduli. Mbali na duka. Kompyuta nyingine kabisa. Mkwe mwenyewe asingeweza kuzipeleka mbali zaidi ya hapo.

Halafu nikaiwasha seva yao upya, nisikie sauti yake.

Mpaka tunaondoka ilikuwa haijawaka. Nimemwambia mama asiwe na wasiwasi, hali hii naijua vizuri. Ni moduli.