Marehemu Anahamia Mkononi

Jumatatu, tarehe 4

Nimeamua. Nachora tatuu. Uso wa marehemu mume wangu, mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, nyeusi na kijivu tu. Mchoraji anasema mtindo huo ni wa uhalisia. Hakuna mistari minene kama ya katuni. Ni kivuli juu ya kivuli mpaka mtu atokeze kwenye ngozi kama anataka kukohoa. Nikamwambia huyo ndiye hasa, maana alikuwa akikohoa sana.

Binti yangu amenikumbusha kwamba nina miaka hamsini na tisa. Najua, nimeihesabu mwenyewe. Akasema sindano itaniuma. Mimi fundi cherehani, nashona sare za shule mwaka wa thelathini huu! Sindano imenitoboa kidole mara tatu na suruali zikawahi siku ya kufungua shule.

Sababu yenyewe sikumwambia. Naiandika hapa tu. Ni mwaka wa nne tangu mume wangu aondoke, na uso wake unanitoka. Juzi nilijaribu kuyakumbuka meno yake nikakumbuka ya shemeji. Nililia mpaka nikalowesha kola sita nilizokuwa nimeshapiga pasi.

Sababu ya pili ni Bi Mdogo, mke mwenzangu. Huyo anajiona mjane peke yake. Ngoja tuone nikivaa mikono mifupi.

Jumanne, tarehe 5

Kikwazo. Mchoraji anataka picha kubwa na safi, mwanga utoke upande mmoja, vivuli vionekane. Mimi ninayo ya kitambulisho tu, tena ililowa maji. Marehemu anafanana na kiazi.

Picha nzuri ninayoijua ni moja. Iko sebuleni kwa Bi Mdogo, ndani ya fremu ya kioo, juu kabisa ya televisheni. Marehemu kijana, anacheka. Naiona mara mbili kwa mwaka, kwa mbali, tukikutana kwa mambo ya ukoo. Kumwomba? Afadhali nishone sare za shule nzima kwa mkono. Nitatumia akili.

Alhamisi, tarehe 7

Akili imefanya kazi. Nimekwenda kwa Bi Mdogo na futikamba shingoni, nikamwambia nataka kumshonea mapazia, zawadi tu. Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka anafagia uwanja. Kisha adabu ikashinda, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Nikapanda stuli. Nikavua miwani ili niisogeze simu machoni vizuri. Nikapiga picha moja, na hapo hapo nikasikia mlango. Bi Mdogo, sinia mkononi, ananiuliza nafanya nini huko juu. Nikasema napima. Akauliza kwa simu? Nikasema simu za siku hizi zinapima. Akaamini, maskini, akaanza kuchagua rangi. Sasa inabidi nishone mapazia kweli.

Nimefika nyumbani nikakuta miwani nimeisahau juu ya televisheni yake. Sirudi kuifuata mpaka mapazia yaishe. Picha nimeituma kwa mchoraji hivyo hivyo. Nilichoona mimi ni ukungu, ila ni ukungu wa mume wangu, nina hakika. Naandika herufi kubwa kama mtoto wa chekechea, na moyo unanidunda kama wa mchumba.

Jumapili, tarehe 10

Siku yenyewe. Nimeoga mara mbili. Mchoraji ni jitu la watu, vidole kama ndizi, lakini ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Amesema amefurahia kazi yangu kuliko kazi yoyote mwaka huu. Kichwa kikavimba. Akaninyoa mkono, akabandika karatasi yenye mchoro, akaibandua taratibu, mistari ya zambarau ikabaki kwenye ngozi. Hiyo ndiyo angefuatisha kwa sindano.

Kabla hajawasha mashine akauliza kwa heshima: yule mama wa kifuani nimtie kivuli kizito kama baba, au nimfifishe kidogo?

Nikauliza mama yupi. Nikasogeza mkono mpaka puani. Bi Mdogo! Amesimama katikati ya kifua cha mume wangu na sinia lake, hata masikio ya vikombe yanahesabika. Alikuwa mlangoni nyuma yangu nilipopiga, kioo cha fremu kikamchukua.

Mchoraji akajitetea kwamba yeye ni mtu wa uhalisia, kilichomo kwenye picha ndicho anachochora. Tena alidhani ni wazo zito sana, mke kukaa ndani ya kifua cha mumewe. Nikashuka kwenye kiti. Akasema nirudi na picha safi, kiti changu kipo.

Nimesugua kwa sabuni ya kufulia na dodoki. Marehemu amefifia. Bi Mdogo hajatoka.

Jumanne, tarehe 12

Sijui niandikeje. Bi Mdogo amekuja na miwani yangu kwenye mfuko. Joto kali, mimi nimekunja mikono ya gauni, nakata mapazia yake. Akaona. Akaitoa miwani yangu mfukoni, akaivaa yeye, akauinamia mkono wangu.

Kisha akalia. Kilio cha kweli, mabega na yote. Akasema, Bi Mkubwa, miaka yote nilijua unanichukia, kumbe unataka kuniweka mwilini mwako pamoja naye.

Hapo ndipo mtu mwema husema ukweli. Mdomo niliufungua, shahidi Mungu. Lakini nilikumbuka ile picha, ikatoka sauti nyingine ikisema ndiyo, sisi ni familia moja, ila mchoraji analalamika kwamba kioo kinamsumbua. Akaniambia nisubiri, akaondoka mbio, na miwani yangu bado usoni.

Jumatano, tarehe 13

Amerudi asubuhi na fremu. Hakukaa. Akaomba mkasi wangu mdogo, akafungua misumari ya nyuma. Picha ikatoka. Ilikuwa imekunjwa katikati. Akaikunjua.

Nusu ya pili ni mimi.

Mimi, miaka ishirini na moja, gauni nililojishonea, mdomo wazi kwa kicheko. Tulipiga picha ile mwezi tuliooana. Alikwenda kuichukua studio akarudi akasema wameipoteza, nikanuna wiki nzima. Mwongo yule! Bi Mdogo aliikuta ndani ya sanduku la spana la marehemu, kule gereji alikokuwa fundi, siku alipokwenda kuchukua vitu vyake. Alikuwa nayo kazini miaka yote hiyo. Bi Mdogo akasema aliikunja siku ile ile kwa sababu hakuweza kuvumilia. Wageni wakiuliza marehemu anatazama nini pembeni, huwaambia anatazama mlango, anamsubiri yeye.

Ananitazama mimi. Anachokichekea ni mimi.

Nikaisogeza usoni. Lile jino la pembeni lililompanda mwenzake, nilikuwa nimelisahau kabisa. Nililia kana kwamba tumemzika jana. Bi Mdogo akanishika, akaomba msamaha, nikamsamehe, na nilimsamehe kweli, moyo ulikuwa mweupe. Habari ya kioo nitamwambia. Si leo lakini.

Ijumaa, tarehe 15

Kesho tunakwenda kwa mchoraji, wawili. Bi Mdogo naye anataka. Ameuliza kwa unyonge kama nitamruhusu achorwe ile nusu ya marehemu, hata ndogo. Nikasema, mdogo wangu, mume alikuwa wetu sote, chora ukubwa unaotaka. Akanibusu mkono. Binti yangu amesema leo ndiyo mara ya kwanza ananiona nimekua.

Baada ya hapo nikasimama mbele ya kioo na ile picha, nikaijaribu mkono huu na mkono huu. Mambo yamenifungukia. Ikikaa mkono wa kulia, marehemu anamtazama mwenye mkono. Ikikaa wa kushoto, anatazama nje, anamtazama aliyekaa jirani.

Nimempigia Bi Mdogo. Nimemshauri achore wa kushoto, ndio ulio karibu na moyo. Ameshukuru sana. Mimi nimehamia wa kulia. Mchoraji ameonya kwamba mkono wa kulia utauma nikishika mkasi, na shule zinafungua Jumatatu na sare arobaini sijazikata. Zitajikata.

Kwenye vikao vya ukoo nitakaa kushoto kwa Bi Mdogo. Kila kikao, maisha yangu yote, hata kwa kusukuma watu. Marehemu watakuwa wawili, na wote wawili watakuwa wananitazama mimi.